Tapeti kava inayovuja oili: kukaza, kupaka gundi, kubadilisha gasketi au kununua kava nyingine?

Harufu ya oili inayoungua huwafikia madereva wengi wa Mwanza wakiwa mlimani. Gari linapanda Bugando au Isamilo kwa gia ya pili, injini inapata moto, na tone lililokuwa likichuruzika taratibu ubavuni mwa injini linaangukia kwenye ekzosi na kugeuka moshi. Mwenye gari akifungua boneti hukuta sehemu ya juu ya injini imelowa na vumbi la barabara limegandamana na oili hiyo hadi kuwa tope jeusi. Fundi wa karibu naye hutoa jibu kabla hata hajainama: "Bosi, hiyo ni tapeti kava, tuipake gundi."

Nusu ya kwanza ya jibu hilo mara nyingi ni sahihi. Nusu ya pili ndiyo inayostahili kupimwa, kwa sababu gundi ni njia moja tu kati ya njia nne au tano zilizopo, na kwa magari mengi yanayotembea mjini hapa si njia iliyo bora. Makala haya yanaziweka njia hizo kando kwa kando, pamoja na aina za gasketi na aina za kava zenyewe, ili mwenye gari aweze kuamua kabla bolti ya kwanza haijafunguliwa.

Tapeti kava ni kifuniko kilichokaa juu kabisa ya silinda hedi, ambacho kwenye magari mengi ndicho chenye kizibo cha kujazia oili. Chini yake huzunguka kamshafti, yaani shafti inayosukuma valvu zifunguke, na oili hurushwa humo kwa wingi ili kulainisha vyuma hivyo, kisha hurudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake yenyewe. Jambo hili lina maana kubwa katika uchaguzi. Presha ya pampu ya oili haifiki kwenye ukingo wa kava, kwa hiyo gasketi ya hapo haikutengenezwa kuzuia nguvu kubwa, bali kuzuia oili inayoruka na hewa chafu ya ndani ya injini isitoke. Ukingo huo ukivuja, sababu huwa ni mojawapo ya hizi: raba imekakamaa kwa joto na umri, kava imepinda au imepasuka, kazi ya awali ilifanywa vibaya, au injini imezibwa pumzi na hewa inatafuta mahali pa kutokea. Kila njia ya matengenezo hutibu moja au mbili kati ya sababu hizo, na hakuna inayozitibu zote.

Kwanza, je, ni tapeti kava kweli?

Oili huteremka, na gari likiwa linakwenda upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo sehemu iliyolowa zaidi chini ya gari haionyeshi chanzo. Uvujaji wa tapeti kava umewahi kuwafanya watu washushe giaboksi ili wabadilishe sili ya nyuma ya krankshafti, kazi ya siku nzima, kumbe oili ilikuwa ikitoka juu na kuteremka nyuma ya injini mahali ambapo jicho halifiki. Njia ya kuaminika ni kuosha eneo lote kwa dawa ya kusafishia, kulikausha kabisa, kuendesha kilomita 20 au 30, kisha kumulika kwa tochi kuanzia juu kwenda chini. Sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo ya kushukiwa. Mtu asiye na uhakika anaweza kunyunyiza poda ya mtoto kwenye ukingo uliokaushwa, kwa kuwa oili ikitoka huacha mstari wa rangi ya chai kwenye weupe huo.

Mashimo ya plagi yakaguliwe pia. Oili iliyojaa humo haionekani kutoka nje, lakini hulainisha raba ya koili na kusababisha injini kukosa moto kwenye silinda moja, hasa asubuhi. Hiyo ni dalili kwamba sili za plagi chini ya kava zimechoka, na ni sababu tosha ya kuifungua kava hata kama ukingo wa nje ni mkavu. Oili hiyo ifyonzwe kwa kitambaa kabla plagi haijafunguliwa, la sivyo itaangukia ndani ya silinda.

Kukaza bolti

Njia hii ni ya bure, na ndiyo sababu hujaribiwa kwanza. Inafaa katika hali chache: bolti zilizolegea kweli, au injini za zamani zenye gasketi ya koki, yaani gome laini la mti, ambayo husinyaa na kuacha nafasi. Kwenye injini nyingi za kisasa bolti za tapeti kava zina bega, yaani sehemu nene inayogonga chuma cha hedi na kusimama hapo. Bega likishafika, nguvu ya ziada haiikandamizi raba hata kidogo. Inachofanya ni kuvuta nyuzi za bolti ndani ya aluminiamu laini ya hedi. Nyuzi zikichanika, tatizo la gasketi limegeuka kuwa tatizo la hedi, na gharama imepanda mara nyingi.

Kiwango cha kukaza bolti ndogo za milimita 6 kwenye kava hizi kwa kawaida ni karibu Nm (nyutoni mita) 10. Mtu asiye na spana ya kupimia nguvu anaweza kukielewa hivi: ni sawa na kuning'iniza kilo 5 za sukari kwenye ncha ya mpini wa sentimita 20. Mkono wa mtu mzima aliyeegemea spana ndefu huvuka kiwango hicho mara tatu au nne bila yeye kujua. Kwa hiyo nafasi ya kukaza ni hii: pitia bolti mara moja kwa mkono mwepesi, na kama hakuna iliyolegea, achana nayo.

Gundi dhidi ya gasketi

Ushindani wenyewe uko hapa, kwa hiyo tutakaa hapa kwa muda mrefu zaidi.

Gundi inayozungumzwa ni silikoni ya tyubu, nyeusi, ya kijivu, nyekundu au ya buluu, ambayo hukamuliwa ikiwa laini na kukakamaa kuwa raba inapokutana na unyevu wa hewani. Ina sifa zake za kweli. Inastahimili joto la zaidi ya nyuzi 200, wakati oili ya injini kwa kawaida hufanya kazi karibu na nyuzi 100. Inajaza makovu na mikwaruzo ambayo gasketi haiwezi kuijaza. Inapatikana kila duka la spea, na tyubu moja hutosha gari zaidi ya moja. Injini kadhaa, zile ambazo kiwanda chenyewe kiliamua kutumia gundi badala ya gasketi kwenye baadhi ya viungo, hufungwa kwayo tangu zinapotoka kiwandani na hazivuji kwa miaka mingi.

Tatizo huanza gundi inapopakwa mahali palipotengenezewa gasketi ya raba, na zaidi inapopakwa juu ya gasketi ya zamani iliyokwisha kakamaa. Silikoni haishiki vizuri kwenye sehemu yenye oili, na gasketi iliyolala ndani ya oili kwa miaka kumi haiwezi kusafishwa hadi ikauke kabisa. Matokeo yake ni tabaka mbili zisizoshikana, zenye njia nyembamba ya oili katikati. Kazi hii hukauka vizuri siku ya kwanza, humpendeza mteja, na huanza kutoa jasho baada ya wiki chache.

Kasoro kubwa zaidi iko upande usioonekana. Gundi inayokandamizwa kati ya kava na hedi hutoka pande zote mbili, nje na ndani, kwa kiasi kinachokaribiana. Ile ya nje fundi huifuta kwa kidole. Ile ya ndani hubaki ikining'inia kama uzi juu ya kamshafti, na siku moja hukatika, hubebwa na oili hadi kwenye sampu, na kukaa kwenye chujio la mdomo wa pampu. Gari langu mwenyewe, Toyota ya kawaida tu, lilipakwa gundi namna hiyo katika gereji moja ya mjini hapa, kwa ukarimu mkubwa. Miezi michache baadaye, tukiwa tumeipita Usagara kuelekea Geita, taa nyekundu ya oili ikaanza kupepesa kila injini iliposhuka mzunguko, ingawa stiki ilionyesha oili imejaa. Sampu ilipofunguliwa, chujio lilikuwa limevikwa vipande vyeusi vya raba laini. Injini ilinusurika kwa sababu nilizima pale pale. Laiti ningalisema nifike kwanza, ningalifika na krankshafti iliyosagika.

Gasketi ya raba haina hatari hiyo. Hukaa ndani ya mfereji wake, unene wake umepimwa, na haiachi chochote ndani ya injini. Siku kava itakapofunguliwa tena kwa ajili ya kupima nafasi za valvu, hutoka nzima bila kukwanguliwa kwa kisu. Udhaifu wake ni kwamba haisamehe: kava iliyopinda, punje ya mchanga chini ya ukingo, au gasketi iliyoruka nje ya mfereji wakati wa kufunga, vyote huleta uvujaji siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, hizi mbili si maadui, na fundi anayesema "mimi situmii gundi kabisa" naye amekosea. Kwenye injini za Toyota zenye taimingi cheni, mfano 1NZ-FE iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, kifuniko cha cheni hukutana na silinda hedi mbele ya injini, na kiungo hicho huacha kijinafasi kidogo pande zote mbili chini ya gasketi ya tapeti kava. Maelekezo ya kiwanda yanataka tone la gundi katika sehemu hizo mbili tu. Injini zenye vizibo vya nusu mwezi mwishoni mwa hedi huhitaji gundi kwenye pembe za vizibo hivyo. Tone lenye ukubwa wa punje ya harage linatosha. Gasketi mpya iliyofungwa bila matone hayo huvuja kwenye pembe, mteja huambiwa gasketi ni feki, na mzunguko wa kupaka gundi kila mahali huanza upya.

Uamuzi wangu kwa gari la kawaida lenye mfereji wa gasketi ni gasketi mpya, pamoja na gundi kwenye pembe zilizotajwa na kiwanda. Gundi peke yake naikubali pale tu ambapo injini ilitengenezwa hivyo, au pale ambapo mtu amekwama njiani na anahitaji kufika nyumbani. Katika hali hiyo ya pili ipakwe nyembamba, na ihesabiwe kuwa ni deni.

Anayelazimika kutumia gundi achague ile iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa. Silikoni ya bei ya chini yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokakamaa, na haifai karibu na vyuma na sensa za injini. Muda nao uheshimiwe: ngozi ya juu hushika ndani ya dakika 10 hadi 15, lakini kukakamaa kamili huchukua kama saa 24. Gari linaloondoka gereji nusu saa baada ya kupakwa limeondoka na gundi mbichi.

Raba si raba tu

Kwenye kaunta ya duka la spea gasketi tatu zinaweza kufanana kwa umbo na kutofautiana kabisa kwa maisha. Ile ya nitrili, ambayo mara nyingi ndiyo ya bei ya chini, hupatana vizuri na oili, lakini hukakamaa mapema inapoishi muda mrefu kwenye joto linalozidi nyuzi 100. Akriliki huvumilia hadi karibu nyuzi 150. Raba ya silikoni iliyotengenezwa kiwandani, ambayo isichanganywe na gundi ya tyubu, hubaki laini hata kwenye nyuzi 200, na ndiyo ninayoipendelea kwa magari yanayopanda milima na kukaa kwenye foleni ya barabara ya Nyerere injini ikiwa imepata moto. Koki imebaki kwa injini za zamani, na mtu anayefufua gari la zamani asiikatae, mradi akaze kwa upole na arudie kukagua baada ya wiki.

Maandishi ya boksi hayaaminiki siku zote, kwa hiyo vidole vifanye kazi. Gasketi nzuri ukiikunja hurudi haraka kwenye umbo lake, ukiibonyeza kwa ukucha alama hupotea, na kingo zake hazina nyuzinyuzi za kalibu. Gasketi iliyokunjwa ndani ya boksi kwa miaka hutoka na kona zilizolala, na hiyo irudishwe kwa muuzaji. Ya zamani nayo iliyotolewa kwenye gari isitupwe kabla ya kuangaliwa: ikiwa imelala bapa na inavunjika kama kuni kavu, imemaliza maisha yake kihalali; ikiwa bado laini na injini ilikuwa inavuja, basi tatizo si gasketi, na gasketi mpya haitaliondoa.

Sili za plagi zinunuliwe pamoja nayo. Kwenye baadhi ya injini zimeshikamana na gasketi, kwenye nyingine ni za peke yake na muuzaji hazitaji usipoziuliza. Kwenye injini za zamani za Toyota kama 4A-FE na 5A-FE, kava hushikwa na nati za katikati zenye washa za raba, na washa hizo zikikakamaa oili hutoka juu ya kava, ukingo ukiwa mkavu kabisa. Kubadilisha gasketi na kuziacha washa hizo ni kuacha mlango mmoja wazi.

Kava yenyewe: bati, aluminiamu au plastiki

Wengi hawafikirii kava kuwa kitu cha kuchagua, na kwa gari lenye kava ya aluminiamu iliyo nzima wako sahihi. Lakini tofauti za vifaa hivi zinaeleza kwa nini baadhi ya magari hurudi gereji kila mwaka.

Kava ya bati la chuma ni nyepesi na haivunjiki, lakini hupinda kuzunguka matundu ya bolti kila inapokazwa kupita kiasi. Faida yake ni kwamba hunyooka tena: fundi mwenye subira huilaza juu ya ubao mgumu na kuyagonga matundu hayo kwa nyundo ndogo hadi ukingo ulale sawa. Aluminiamu haipindi kirahisi, na ina sifa nyingine isiyosemwa sana. Kava ya sentimita 40 ikipata joto la nyuzi 80 zaidi hurefuka karibu milimita 0.7 ikiwa ni ya aluminiamu, na karibu nusu ya hapo ikiwa ni ya chuma. Kwa kuwa hedi za magari mengi ya leo ni aluminiamu, kava ya aluminiamu hutanuka na kusinyaa pamoja na hedi yake, na gasketi haisuguliwi kila injini inapowaka na kupoa.

Plastiki, yaani nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, ni nyepesi na hupunguza kelele, na viwanda vingi vimeipenda. Ugonjwa wake ni uzee. Baada ya miaka mingi ya joto hujipinda polepole na kupasuka karibu na bolti, na mipasuko hiyo mara nyingine ni myembamba kiasi cha kuonekana tu inapofutwa na kuachwa itoe jasho. Kwenye baadhi ya magari ya Ulaya, BMW nyingi zikiwamo, kiwambo cha raba cha kupumulia injini kimejengwa ndani ya kava hiyo ya plastiki. Kiwambo kikichanika, kava nzima hubadilishwa, na bei yake haifanani hata kidogo na bei ya gasketi. Anayenunua gari la namna hiyo likiwa limetumika alijue hilo kabla ya kulipa.

Ili kujua kama kava bado inafaa, isafishe, ilaze juu ya kioo cha dirisha, na jaribu kupitisha karatasi ya kawaida ya kuandikia chini ya ukingo wake. Karatasi moja ina unene wa karibu milimita 0.1. Ikipita moja mahali fulani, gasketi ya raba itafidia. Zikipita tatu au nne zilizobebana, mimi ningaliitafutia nyingine.

Nyingine hiyo iwe ya mtumba au mpya? Ya aluminiamu ya mtumba, kutoka injini ya namba ile ile, ni ununuzi mzuri: chuma hicho hakizeeki kwa namna ya kutia hofu. Angalia nyuzi za kizibo cha oili, angalia bati za ndani zinazotenganisha oili na hewa kama hazijajaa masizi, kisha lipa. Ya plastiki ya mtumba ni bahati nasibu, kwa kuwa imeungua miaka ile ile kama uliyoitoa. Hapo mpya ni bora, hata kama si ya kiwanda cha gari, mradi ina njia zote za hewa ilizokuwa nazo ya kwanza. Kava ya kuiga ya aluminiamu inayouzwa kuchukua nafasi ya plastiki nayo inafaa kwa sharti hilo hilo.

Pumzi ya injini

Hapa ndipo ulinganisho wote uliotangulia huweza kuwa bure. Kila injini hupitisha gesi kidogo kati ya pistoni na silinda kuingia kwenye sampu. Zamani gesi hiyo iliachwa itoke nje kwa bomba; mwanzoni mwa miaka ya 1960 jimbo la California nchini Marekani lilianza kudai irudishwe injini na kuunguzwa ili kupunguza moshi wa mijini, na valvu ndogo ya PCV, inayoipitisha gesi hiyo kurudi injini, ikaenea duniani. Kwenye magari mengi valvu hiyo imechomekwa juu ya tapeti kava au karibu nayo. Ikizibwa na masizi, presha ya ndani hupanda, na gesi hutafuta sehemu dhaifu zaidi ya kutokea. Ukingo wa tapeti kava huwa miongoni mwa sehemu hizo.

Kuipima hakuhitaji mashine. Ichomoe na uitikise. Nzima hulia ndani kwa mlio mdogo wa chuma, iliyoziba hukaa kimya. Kisha, injini ikiwa inazunguka polepole, fungua kizibo cha oili na ufunike tundu kwa karatasi. Karatasi ikivutwa kidogo au kutulia, pumzi ni nzuri. Ikirushwa juu kwa nguvu, ama njia ya hewa imeziba, ama ringi za pistoni zimechoka, na kwenye magari ya dizeli ya abiria yaliyokwisha fanya kazi kwa miaka mingi hili la pili si la ajabu. Gasketi bora kuliko zote haitadumu juu ya injini ya namna hiyo. Kwa magari yenye valvu ya kuchomeka, kuibadilisha wakati mmoja na gasketi ni nyongeza ndogo sana ya gharama, na sioni sababu ya kutofanya hivyo.

Dawa za chupani na oili nzito

Dawa ya kuzuia uvujaji inayomiminwa ndani ya oili hulainisha na kuvimbisha raba. Inaweza kusaidia sili iliyoanza kukauka, lakini haiwezi kuunganisha gasketi iliyopasuka wala kunyoosha kava.

Ushauri wa kuhamia oili namba 40 au 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa oili nyepesi ya 5W-30 ni mbaya zaidi. Oili nzito ikipata moto nayo hupenya pale pale, na asubuhi huchelewa kufika juu. Injini zenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, hutegemea oili nyepesi kupita kwenye njia nyembamba, kwa hiyo unaponunua tone moja lisilodondoka unaweza kulipa kwa mfumo mzima wa kamshafti.

Uharaka wa kazi: si magari yote sawa

Kwenye injini ya silinda nne iliyosimama wima, kubadilisha gasketi ni kazi ya saa moja hadi mbili, na jasho dogo la oili linaweza kusubiri mwisho wa mwezi, mradi stiki iangaliwe kila wiki. Subaru hazistahili subira hiyo. Injini zake zimelala, silinda mbili kushoto na mbili kulia, na tapeti kava ziko mbili, moja kila ubavu, chini karibu na ekzosi. Oili inayotoka ukingo wa chini huangukia moja kwa moja kwenye bomba ambalo mlimani huzidi nyuzi 300, ilhali mvuke wa oili ya kawaida huweza kushika moto kuanzia nyuzi 200 na kitu. Nafasi ya kuingiza mkono nayo ni finyu, kwa hiyo fundi aliyezoea Corolla atachukua muda mara mbili, na gharama ya kazi itazidi ya spea. Kwa Subaru nisingalijaribu gundi hata kidogo, kwa sababu kazi ya kurudia ni ghali kuliko gasketi bora. Wavuvi wa Kirumba wenye injini za mashua za mipigo miwili wamesalimika na habari hii yote, kwani injini zao hazina tapeti kava.

Gereji zetu nyingi ziko wazi na upepo wa ziwa hubeba vumbi, kwa hiyo kabla kava haijainuliwa eneo lote lipulizwe hewa na kufutwa. Mchanga ukiangukia kwenye kamshafti, uvujaji utakuwa tatizo dogo. Fundi anayetaka kukwangua ukingo wa hedi kwa msasa wa mashine azuiwe kwa adabu. Kipande cha plastiki kigumu na dawa ya kusafishia breki vinatosha. Bolti zifungwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa raundi mbili, ya kwanza nyepesi na ya pili kwa kiwango.

Baada ya hapo, kama gundi ilitumika kwenye pembe, gari lilale hadi kesho yake. Safari ya kwanza iwe fupi, tuseme kwenda Kisesa na kurudi, kisha ukingo wote upitishwe kitambaa cheupe. Ukaguzi wa pili ufanywe baada ya kilomita 1,000. Kitambaa kikilowa kwenye pembe mbili za mbele tu, matone ya gundi hayakukaa vizuri, na ni pembe hizo za kurudia. Kikilowa mahali pamoja karibu na bolti, gasketi imetoka kwenye mfereji au kava imepasuka hapo. Kikilowa kuzunguka kava yote, usimlaumu aliyekuuzia gasketi. Rudi kwenye valvu ya PCV na ile karatasi juu ya tundu la oili.